Nimepewa nusu siku niwafundishe watendaji wenzangu kutambua usafirishaji haramu wa binadamu. Nianzie wapi?

Mtendaji Kaliua

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtendaji wa kijiji, wilaya ya Kaliua mkoani Tabora, huu mwaka wa saba. Wiki mbili zijazo nitasimama mbele ya watu kama thelathini: watendaji wenzangu, wenyeviti wa vitongoji, walimu wakuu wawili na muuguzi wa zahanati. Tuna kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana.

Nimechaguliwa kwa sababu mwaka jana nilihudhuria mafunzo kama hayo. Siku mbili ukumbini. Tulisomewa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, kifungu kwa kifungu, na ukutani kulikuwa na picha za watu waliofungwa minyororo. Nikarudi kijijini na daftari limejaa.

Mwezi uliofuata akaingia ofisini kwangu mama mmoja na binti aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Anaomba barua ya utambulisho, anampeleka binti Dar kwa ndugu yake akajifunze ushonaji. Baba wa binti namfahamu, na nilisikia ameridhia. Nikaandika, nikagonga muhuri. Hata dakika kumi hazikufika. Binti hakusema neno, nami sikumuuliza neno.

Baada ya miezi mitano baba yake akaja amekonda. Simu ya yule mama haipatikani na binti hajulikani alipo. Alipokuja kupatikana alikuwa anaosha vyombo na kuhudumia wateja kwenye kilabu cha pombe mpaka usiku wa manane. Cherehani hajaigusa, mshahara hajauona. Sasa yuko nyumbani. Ila barua iliyokuwa kwenye mkoba wa yule mama, aliyokuwa akiionyesha kila alipoulizwa njiani, ina saini yangu.

Kwa hiyo sitaki kufundisha vile nilivyofundishwa. Nataka mtu akisimama mbele ya meza zao, waone. Mliofanya kazi hizi Kigoma na huku kwetu kwenye tumbaku, nisaidieni.

Bibi Ustawi, Kigoma

Mwanangu, pole sana. Nimestaafu uafisa ustawi wa jamii, miaka mingi nimeimalizia Kigoma na Kasulu. Anza na hiyo barua yako. Kabla hujataja sheria, simama uwaeleze kama ulivyotueleza sisi. Kila mmoja hapo ana muhuri wake: mwalimu mkuu ana fomu ya uhamisho wa mwanafunzi, muuguzi ana kadi ya kliniki, mwenyekiti ana neno lake kwa mtendaji. Waulize ni lini mara ya mwisho waligonga bila kuuliza.

Hizo picha za minyororo ziache. Katika kazi yangu yote sijakutana na mtoto mwenye mnyororo. Niliokutana nao walikuwa na nguo mpya na kandambili mpya, wanachekelea safari. Mtumishi aliyefundishwa kutafuta mnyororo atawapita hao wote.

Nikupe mfano wa bandari ya Kibirizi, pale mitumbwi ya injini inaposhusha watu wa vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Kwetu mtoto haendi kukaa kwa shangazi mikono mitupu. Mama yake atamfungia dagaa, atamjazia galoni ya mawese, hata kama nyumbani hawana kitu ataokota maembe. Ni salamu kwa anayempokea. Siku moja niliona mabinti watatu na mwanamume mmoja, kila binti na kifuko chepesi cha plastiki. "Mnakwenda wapi?" "Kwa ndugu, Tabora." Nikawauliza mmewachukulia nini hao ndugu? Wakatazamana. Hapo ndipo nilipomwita yule mkubwa zaidi pembeni nikamsalimia kwa Kiha, mbali na yule mwanamume aliyekuwa anawajibia kila kitu. Hakuwajua hao ndugu. Mama yake alikuwa ameambiwa ni kazi ya ndani, na mshahara utatumwa.

Mkono mtupu si ushahidi, mwanangu, nisije nikaeleweka vibaya. Wapo maskini wa kweli na wapo waliosafiri kwa msiba. Unakupa sababu ya kuuliza swali la pili tu. Alama za namna hiyo hazimo kwenye slaidi, kila mahali pana zake. Wape watu wako nusu saa wazitaje za Kaliua wenyewe.

Maswali niliyokuwa nayatumia ni haya: utalala wapi leo? Nauli nani kalipa, na je, utamrudishia? Namba ya simu ya mama yako unaikumbuka? Ukitaka kurudi utarudije? Kwa mtu mzima naongeza: kitambulisho chako kiko mfukoni mwako au kwa mwenzako?

Kwenye sheria wakazie jambo moja. Kosa hili lina sehemu tatu: kitendo (kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea, kumhifadhi), njia (kumdanganya, kumtisha, kutumia shida yake) na lengo, yaani kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18 ile njia haihitaji kuthibitishwa. "Alikubali mwenyewe" au "mzazi aliridhia" haimwokoi aliyemchukua.

Mkulima Urambo

Naomba na mimi nisikilizwe. Kila msimu wa tumbaku nachukua vijana wanne watano kutoka Kasulu na Kibondo. Wanapanda mvua zikianza, wanachuma, wanakausha kwenye mabani (vibanda vya kukaushia), tukishauza wanalipwa wanakwenda kwao. Baba yangu alifanya hivyo. Sasa watendaji wakifundishwa nusu siku, si kila mwenye kibarua kutoka Kigoma ataitwa msafirishaji? Sisi wengine tunalipa, na wapo walionunua viwanja kwao kwa hela ya tumbaku.

Bibi Ustawi, Kigoma

Ndugu mkulima, hofu yako ina msingi, na mtendaji aiseme wazi ukumbini. Babu yangu alipanda treni hii ya reli ya kati kwenda kwenye mkonge wa Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba. Waha tumekuwa tukitafuta kazi mbali tangu enzi za mkoloni na hakuna sheria inayokataza. Nikuulize wewe: kijana akitaka kuondoka mwezi wa pili, kabla soko halijafunguliwa, unamwacha aende na haki yake ya siku alizofanya? Unga na mafuta unayomkopesha unaandika mbele yake? Simu yake anashika yeye? Kama majibu ni ndiyo, lala salama. Ninaowasema ni wale ambao soko likifungwa kijana anaambiwa makato yamezidi mshahara, kwa hiyo abaki msimu mwingine alipe deni. Huyo hajafungwa kamba, lakini haondoki. Na mtoto wa miaka 13 kwenye majani mabichi ya tumbaku, yale yanayotapisha hata watu wazima, hapo hatujadiliani.

Mkulima Urambo

Nimekuelewa mama. La kuondoka katikati ya msimu sijawahi kuliweka kwenye mkataba. Nitaliandika.

Behewa la Tatu

Nilikuwa mhudumu wa treni, sasa niko Tabora mjini. Naongeza moja ambalo mtu wa kijijini haoni. Stesheni ya Tabora ndipo treni za Kigoma, za Mwanza na za Mpanda zinapokutana. Abiria wanasubiri, usiku mara nyingi. Hapo ndipo watoto wanapokezanwa. Aliyemtoa mtoto kwao anashuka, mwingine anapanda naye kuelekea Dar. Ukimuuliza wa kwanza hana kosa, "nimemsindikiza tu". Ukimuuliza wa pili, "nimekabidhiwa". Kigoma hadi Dar ni safari ya zaidi ya kilometa 1,200 na kila mtu kashika kipande kidogo. Kwa hiyo kaka mtendaji, mwishoni mwa mafunzo kila mtu aondoke na namba ya simu ya mtu wa kituo kinachofuata: ustawi wa wilaya, polisi wa stesheni, mtendaji wa upande wa pili. Mimi nilishawahi kuhisi jambo saa tisa usiku nikawa sina wa kumpigia.

Dawati

Nipo dawati la polisi la jinsia na watoto, mkoa wa Kigoma. Kwa ufupi kwa sababu niko zamu.

Watu wako wasichanganye mambo mawili. Kumvusha mtu mpaka bila kibali ni usafirishaji haramu wa wahamiaji, na kesi hiyo inahusu mpaka. Usafirishaji haramu wa binadamu unahusu kunyonywa, na mtu anaweza asivuke hata kata. Tunaumia hapa kwa watoto wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Mtumishi anamkuta binti wa Kikongo au wa Kirundi anafanya kazi kwenye nyumba ya mtu, swali la kwanza ni "kibali cha kutoka kambini kiko wapi?" Hana. Anakuwa mkosaji, na aliyemtoa kambini kwa ahadi ya mshahara anakaa nyumbani kwake. Swali la kwanza liwe "nani alikuleta hapa?"

Pili, wasimkabili mshukiwa mbele ya mtoto wala kumhoji mtoto mara tano. Wampigie afisa ustawi. Mtoto asilale mahabusu, ustawi wana utaratibu wa familia za kuaminika. Namba ya simu kwa watoto ni 116, bure, polisi 112. Ziandikwe ubaoni tangu asubuhi.

Mtendaji Kaliua

Shikamoo Bibi Ustawi, na ahsanteni nyote. Nimechapisha majibu yenu. Mkulima Urambo, nitasoma la kwako pia, maana ukumbini watakuwepo wenye mashamba.

Kuna jambo nimeligundua jana. Nilikwenda kwa yule binti, mama yake akiwepo, nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza: siku ile ningekuita pembeni nikakuuliza unakwenda wapi, ungenijibu nini? Akasema, "Ningekwambia nakwenda kujifunza ushonaji. Nilikuwa naamini."

Nimelala na hilo neno. Kwa maswali yote ya mtoto nisingepata kitu, kwa sababu yeye mwenyewe alidanganywa vizuri. Wa kuulizwa alikuwa yule mama: fundi anaitwa nani, kibanda kiko mtaa gani, mwenyekiti wa mtaa huo ni nani. Nami nilikuwa na simu mezani.

Kwa hiyo nimeongeza mstari kwenye barua ya utambulisho ya kijiji chetu kwa kila mtoto anayesafiri kwenda kukaa mbali: jina la mpokeaji, mtaa, na namba ya mwenyekiti wa mtaa huo. Muhuri unagongwa nikishaongea naye. Asubuhi ya mafunzo tutaigiza hilo, muuguzi amekubali kuwa shangazi.

Juzi nimeandika ya kwanza, kijana anakwenda kwa kaka yake Mwanza. Mwenyekiti wa huko hakupokea. Nikamwambia kijana akanywe chai arudi. Saa sita alipokea. Kaka yupo, anamfahamu, anauza vipuri vya baiskeli.