Re: Mtoto kang'ang'ania hoki ya barafu

Mama wawili, Calgary: Shikamooni wakubwa. Kijana wangu wa miaka tisa kaacha mpira wa miguu, sasa ni hoki tu. Baba yake hataki hata kusikia: eti mchezo wa kung'oana meno, na mtoto atasahau kwao. Bibi yake wa Tanga naye kasikia "skates", yaani viatu vya barafu, kwenye simu, kauliza mjukuu wa kiume ananunuliwa sketi ya nini. Mimi nawaza gharama. Nianzie wapi?

Mzee wa Calgary: Marahaba mwanangu. Viatu nunua vya mtumba, msimu ujao havitamwingia. Mpimie na soksi nyembamba, si zile nene za baridi. Viatu vya barafu kwa kawaida hupungua namba moja hadi moja na nusu kwenye namba yake ya kila siku. Helmeti iwe na alama ya CSA, ile ya viwango vya usalama vya Kanada. Ada ikikushinda, omba Jumpstart au KidSport, mashirika yanayosaidia kulipia michezo ya watoto, wala usione haya.

Huyo baba mtoto mpe habari za Petr Nedvěd, mchezaji wa hoki. Januari 1989 alikuwa hapahapa Calgary na timu ya vijana kutoka Chekoslovakia, ana miaka 17. Wenzake wakarudi, yeye akabaki na kuomba hifadhi. Fikiria mtoto wa umri ule, kwao kumefungwa, hajui nyumbani atakuona lini tena! Bahati yake, mwaka haujaisha utawala wa kikomunisti wa kwao ukaanguka. 1990 timu ya Vancouver ya ligi ya NHL wakamchagua, wa pili katika vijana wote waliochaguliwa mwaka ule. 1994 akavaa jezi ya Kanada Olimpiki ya Lillehammer, wakafungwa na Uswidi kwa penalti kwenye fainali. Halafu 2014 Sochi, mtu ana miaka 42, yumo timu ya Wacheki. Huyo ndiye aliyesahau kwao?

Dada wa Edmonton: Shikamoo mzee. Mimi naongeza la begi. Mkifika tu nyumbani, toa kila kitu utundike, hasa glovu. Mwaka wa kwanza nililisahau kwenye buti la gari wikiendi nzima. Jumatatu tumeendesha madirisha wazi, nje ni hasi ishirini.

Mama wawili: Asanteni sana. Baba yake kasoma yote kimya, kisha kauliza duka la mitumba Jumamosi linafungua saa ngapi.