Nafikiria kupunguza matiti kwa upasuaji. Mliopitia, naombeni ushauri

MgongoUmechoka:
Habari zenu. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara mbili, kwa hiyo mnivumilie.

Nina miaka 29, sijazaa. Tangu nina miaka 14 kifua changu kimeutangulia mwili. Mabega yamechimbika mifereji ya kamba za sidiria, shingo inauma kila jioni, na chini ya matiti ngozi inachubuka joto likizidi. Napaka dawa, inapona, inarudi. Kukimbia niliacha zamani. Nilipunguza kilo 9, nikaisha uso, matiti yakabaki palepale.

Daktari wa upasuaji kaniona, kasema nafaa. Hofu zangu ni mbili. Bado nataka watoto, je, nitanyonyesha? Halafu nina keloidi, lile kovu linalovimba na kukua, sikioni nilipotoboa; naogopa na kifuani yatakuwa hivyo. Mama naye anasema ninakufuru. Na kupona kukoje, bila kunificha?

SidiriaYaZamani:
Pole mdogo wangu. Mimi huu ni mwaka wa 3 tangu nifanyiwe.

Nilikaa chumba cha upasuaji kama saa 3, kwa nusukaputi. Nikaamka na mirija miwili ya kutoa majimaji, ikatolewa kesho yake. Maumivu hayakuwa yale niliyoyaota usiku. Ni kubana na kuvuta, kama ngozi imekuwa fupi. Kilichonitesa ni choo! Dawa kali za maumivu zinafunga tumbo, na kujikamua huwezi kwa sababu kifua kinavuta. Omba ya kulainisha mapema, usione haya.

Utalala chali na mito mgongoni. Andaa nguo za vifungo mbele. Sidiria maalumu, isiyo na waya, nilivaa usiku na mchana wiki 6, na muda huohuo sikunyanyua kitu kizito. Kazi ya mezani nilirudi baada ya wiki 2, nikawa nasinzia. Gari usiguse mpaka uweze kukanyaga breki ghafla bila kujikunja.

Wiki ya 3 kidonda kilifunguka pale kovu la wima linapokutana na la chini. Nililia sana. Kumbe daktari alinionya, ndipo ngozi inapovutwa zaidi. Kilifunga chenyewe kwa kubadilisha bandeji. Na siku ya kwanza kwenye kioo utayaona yamepanda juu, yamevimba, kama si yako. Usiyahukumu kabla ya miezi 6.

Jembe77:
Wengine wanayatafuta hayo, wewe unataka kuyakata. Ridhika dada.

SidiriaYaZamani:
Mkuu, jifunge mzigo kifuani mwezi mzima, ulale nao, halafu urudi hapa utushauri.

NesiWaZamu:
Kunyonyesha hakuna wa kukuahidi. Muulize daktari kama chuchu itahamishwa ikiwa bado imeshikana na nyama yake, yenye mishipa ya damu na mirija ya maziwa, au itakatwa kabisa na kupandikizwa. Njia ya kwanza ndiyo inayotumika zaidi, na wapo wanaonyonyesha baadaye, wengine kwa kuongezea maziwa ya kopo. Ya pili, usitegemee. Ujue pia mimba inaweza kuyakuza tena au kuyalegeza.

Keloidi ya sikio haikufungii mlango, ila iseme kabla ya kisu. Kovu la kawaida lina umbo la nanga: kuzunguka chuchu, kushuka wima, kufuata mkunjo wa chini. Kovu lisivimbe, kuna karatasi za silikoni za kubandika juu yake, kuna sindano za steroidi. Mpango uwepo mapema.

Hukusema kama unavuta sigara au shisha. Kama unavuta, acha angalau wiki 4 kabla, na usiguse mpaka upone. Nikotini inabana mishipa midogo na chuchu inaweza kufa, si masihara. Aspirini na mitishamba unayotumia mtajie daktari yote.

Titi moja likivimba na kukaza ghafla, ukipata homa, usaha, au shavu la mguu likauma na kupumua kukawa kwa shida, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usije kuuliza hapa.

MamaWatatu:
Mimi nilisubiri nizae kwanza, nikafanyiwa nina miaka 41. Kunyonyesha sijutii. Ile miaka ya kuamka na shingo ngumu ndiyo naijutia. Chuchu ya kulia hisia zilirudi baada ya miezi 8, ya kushoto imekufa ganzi mpaka leo. Hilo watu hawalisemi, nimeona nikuambie. Mama yako mpe muda. Wangu alinyamaza siku aliponiona nimesimama wima.

MgongoUmechoka:
Asanteni sana. Sivuti. Leo nimerudi kwa daktari na maswali yenu kwenye karatasi. Chuchu itabaki imeshikana, na keloidi kaiandika kwenye faili, tutaanza silikoni vidonda vikishafunga. Kisha akaniuliza nataka yabaki ukubwa gani, nikakosa jibu. Miaka yote hii nimejua nisichokitaka tu. Nyie mlisemaje?

SidiriaYaZamani:
Mimi nilimwambia nataka shati lifunge vifungo vyote bila pini. Akacheka, akasema namba ya sidiria hawezi kuniahidi, lakini hilo la shati amelielewa.

MgongoUmechoka:
Nimeliandika hivyohivyo.