Gari la zimamoto "limekuja bila maji"? Uliza kwanza haidranti iko wapi

Kila soko likiungua huku kwetu, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, maneno ni yale yale: "Faya wamekuja bila maji." Baada ya maneno, mawe. Kioo cha mbele kinavunjwa, dereva anageuza gari, na vibanda vilivyokuwa vimenusurika vinateketea. Nimechoka kuyasoma haya. Leo tupige hesabu.

Gari la kawaida la zimamoto hubeba lita 5,000 hivi, makubwa hufika 10,000. Mpira mmoja mpana, ule wa milimita 70, hutoa kama lita 500 kwa dakika. Moto wa soko hauzimwi kwa mpira mmoja, kwa hivyo hufunguliwa miwili. Gawa 5,000 kwa 1,000: dakika tano. Gari lilikuja na maji, na maji yameisha. Wewe uliyefika dakika ya sita umelikuta kavu, ukapiga picha, ukarusha mtandaoni.

Na msiseme wanunue gari lenye tangi kubwa zaidi. Lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, kabla hujahesabu chuma, pampu na watu. Gari hilo lipite wapi Nyalenda au Manyatta, kwenye vichochoro ambavyo probox mbili hazipishani? Maji ya tangi ni ya kuanzia kazi. Ya kuimaliza yanatakiwa yawe chini ya barabara, ndani ya paipu ya mji, na mlango wake ndio haidranti.

Haidranti ya chini ya ardhi ni kifuniko cha chuma ukingoni mwa barabara. Mzimamoto hukiinua, husafisha shimo, hufunga bomba la kusimama kwenye nyuzi zake, halafu hufungua valvu kwa ufunguo mrefu wenye umbo la T. Hufungua polepole, maana ukiachia ghafla maji hupiga kama nyundo na kupasua viungo vya zamani. Huyaacha yamwagike kwanza yatoe mchanga, ndipo huunganisha mpira. Aliyezoea hachukui muda. Lakini lazima kwanza akione hicho kifuniko!

Kontrakta anapanga kabro juu yake kwa sababu mchoro wake hauna alama. Mwingine anaongeza tabaka la lami, kifuniko kinabaki sentimita tano chini, na hata anayejua kilipo hawezi kukifikia bila sururu. Shimo lililobaki wazi hujaa maganda ya miwa, karatasi za nailoni na tope mpaka shingoni mwa valvu. Vipande vya shaba hung'olewa usiku na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mhimili wa valvu isiyozungushwa kwa miaka hushika kutu; ukilazimisha unakatika, na valvu inabaki imefungwa. Hata inayofunguka huenda imeungwa kwenye paipu ya inchi 2, ambayo ni ya kuhudumia ploti, si ya kuzima moto. Inatakiwa angalau inchi 4. Halafu kuna mgao: eneo likifungiwa maji usiku, haidranti zake nazo ni kavu, na usiku ndio masoko huungua wenyewe wakiwa wamelala.

Kuna na hili la viungo, ambalo halizungumzwi kabisa. Magari ya msaada hutoka nchi tofauti. Viungo vya mtindo wa Uingereza hufunga kwa kusukumwa mpaka vishike. Vya Ulaya bara huzungushwa, kucha mbili zikaumana. Havikubaliani hata kidogo. Bila adapta, kipande cha chuma kinachoenea mikononi, gari zima husimama kando ya haidranti yenye maji tele na lisiweze kufanya lolote. Adapta zihesabiwe kila zamu inapobadilishana.

"Lakini ziwa si liko hapo?" Liko, sawa. Ila pampu haiyainui maji kwa nguvu zake. Hutoa hewa ndani ya mpira wa kunyonya, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Pwani, kikomo kwenye karatasi ni mita 10. Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kinashuka karibu na 9, na kazini ukipata 6 au 7 umefanya vizuri. Raba ya kiungo kimoja ikichanika, pampu inanyonya hewa na kutema povu. Halafu gugu maji: mizizi yake ikikizunguka kichujio, kinaziba mara moja. Wanaoijua kazi hukitia kichujio ndani ya kikapu na kukining'iniza kwa kamba, kisiguse tope wala kisielee juu. Na gari linahitaji ardhi ngumu mpaka ukingoni mwa maji, la sivyo linazama matairi.

Kutoka ziwani hadi Kondele hakuna mpira wa kufika, kwa hivyo ni bauza kupishana. Bauza ya lita 10,000 ikijazwa kwa lita 500 kwa dakika husimama dakika 20. Muda huo wote marobota ya mitumba yanaungua ndani kwa ndani. Robota lililobanwa ukilimwagia juu, maji huteleza. Kwa nje linaonekana limezimika, saa mbili baadaye linawaka upya. Lazima livutwe kwa ndoana, lifunguliwe, liloweshwe safu kwa safu. Soko la Kibuye likishika moto, hiyo ndiyo kazi inayowasubiri, na ni kazi inayokunywa maji kuliko moto wenyewe wa mwanzo.

Sisi raia nasi tuna lawama. Boda ikipita juu ya mpira uliojaa, shinikizo huruka na kumyumbisha aliyeshika nozo akiwa juu ya ngazi. Kibanda kilichosogezwa mita moja barabarani kimefunga njia ya gari. Nyaya za stima za kuunganisha kiholela hazipigwi maji mpaka stima ikatwe, kwa hivyo mwingine apige simu kwa watu wa stima wakati huo huo. Ukipiga 999 au 112, taja mahali, alama ya karibu, kinachoungua, kama kuna mtungi wa gesi au mtu ndani, na usikate simu wa kwanza. Lori la mafuta likipinduka usikaribie hata kama haliwaki. Sachang'wan mwaka 2009 watu zaidi ya 100 walikufa kwa kuchota petroli, na bado mwaka 2021 watu wakachota tena Malanga, Siaya, wakaungua.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka zimamoto mikononi mwa kaunti. Basi yanayodaiwa yanajulikana ni ya nani. Haidranti zote ziandikwe kwenye ramani moja, na ramani hiyo iwe ndani ya kila gari. Kila moja ifunguliwe angalau mara mbili kwa mwaka, isafishwe, mhimili upakwe grisi, na maji yake yapimwe kwa dakika. Kontrakta wa barabara asilipwe malipo ya mwisho kabla ya vifuniko kuinuliwa usawa wa lami mpya. Na kila soko lichimbiwe tangi la ardhini lenye kiungo cha gari la zimamoto. Maji yapo: paa la mabati la mita za mraba 1,000 likinyeshewa milimita 50 humwaga karibu lita 50,000, ambazo ni magari 10 mazima, na leo zote zinaishia mtaroni.

Tuanze hapa hapa. Ukijua kifuniko chochote, andika hapo chini mtaa, jengo lililo karibu, na hali yake: kinaonekana, kimefukiwa, kimeibwa, au kibanda kimesimama juu yake. Orodha ikifika kurasa mbili tuichape, tuipeleke kwa wawakilishi wadi, na nakala moja tuwape walio kwenye zamu kituoni, maana hao ndio watakaoitafuta gizani.