Msaada wakuu: haya mafunzo ya usalama wa mtandao kazini yanakuwaje?

Kimbunga_Baridi: Habari zenu wakuu. Ofisini tumetumiwa linki ya kozi ya usalama wa mtandao, kila mfanyakazi lazima awe kamaliza ifikapo Ijumaa, HR kasema ambaye hajamaliza akaunti yake inafungwa. Mliowahi kufanya naomba mnijuze, maswali ni magumu? Ina muda? Na je wanajua ni nani kakaa mbele ya kompyuta au wanaona tu kwamba imekamilika? Matusi pembeni tafadhali.

Debe_Shinda: Usitishike mkuu. Ni vivideo vya dakika chache chache, katikati maswali ya kuchagua, mwisho mtihani, unapata cheti cha PDF ambacho hutakifungua tena maisha yako yote. Kwetu kufaulu ni 80%, ukifeli unarudia. Utaulizwa mambo ya paswedi, imeili za kitapeli, kufunga skrini ukinyanyuka, flashi ya kuokota. Jibu refu kuliko mengine ndilo lenyewe, hiyo nimekupa bure.

Mama_Kibodi: Kwetu ukijaribu kuipeleka video mbele inagoma. Niliiacha inaongea yenyewe nikaendelea na kazi zangu, kumbe inasimama inasubiri ubonyeze ndiyo iendelee, nimerudi nakuta bado iko pale pale. Halafu yule mdukuzi wa kwenye video, kila siku kavaa hudi kakaa gizani, hivi hawana taa hawa watu?

Karani_Mkongwe: Tatizo la vijana mnataka cheti hamtaki kujifunza. Mwaka 2011 RSA, kampuni ya usalama kabisa, iliingiliwa kwa imeili yenye kiambatisho cha Excel eti mpango wa ajira. Mfumo ulishaitupa kwenye folda ya takataka, mfanyakazi akaenda kuichomoa mwenyewe akaifungua! Sasa hapo mtambo ungefanya nini zaidi? Someni jamani.

Nukta_Mkato: Mleta uzi, hilo swali la nani kakaa mbele ya kompyuta limekaa vibaya. Anayetaka kufanya mwenyewe haulizi hivyo. Nyoosha maelezo.

Kimbunga_Baridi: Sawa basi. Kuna dogo yuko hapa ofisini kwa mafunzo ya vitendo, nimempa paswedi ananifanyia. Ni mwisho wa mwezi, malipo yote mimi ndiye naidhinisha, kichwa kimejaa. Dogo ni mwaminifu namjua vizuri, na keshafika mbali tena kwa alama ambazo mimi nisingezipata. Kwa hiyo swali langu liko pale pale, wataona?

Nukta_Mkato: Paswedi ya kozi tu au ya kila kitu?

Kimbunga_Baridi: Kwetu unaingia mara moja inafungua vyote, imeili, kozi, mfumo wa malipo. Ila kuna OTP, ile namba ya kuingilia ya kutumika mara moja, inakuja kwenye simu yangu na simu ninayo mimi, kwa hiyo hawezi kufanya lolote. Nilimsomea namba moja tu, na ilikuwa ya kuingilia kwenye kozi.

Debe_Shinda: 😂😂😂 Kamsomea!! Mkuu hiyo "ya kozi" umejuaje ni ya kozi, ilikuja imeandikwa?

Mkaguzi_wa_Ndani: Nijibu swali maana wengi mmelikwepa. Kozi nyingi za aina hii hazitumii kamera. Ila mfumo unatunza saa uliyoingia, muda uliokaa kwenye kila moduli na alama zako, na kumbukumbu za kuingia zinaonyesha anwani ya IP, yaani namba ya mtandao ulioingilia, na mara nyingi kifaa. Akaunti yako ikijibu maswali kwenye mashine ya dogo wakati wewe uko kikaoni na bosi, ni suala la mtu kuamua kuangalia tu. Na HR hawatanii, kampuni inayoshika data za kadi inabanwa na PCI DSS, yaani viwango vya usalama wa data za kadi za malipo, mfanyakazi afundishwe akianza kazi na angalau kila miezi 12, mkaguzi akija anaomba orodha ya waliomaliza. Halafu kozi sio mwisho. Baadaye IT wanatuma imeili za mtego, ankara feki, "paswedi yako inaisha leo", waone nani kabofya na nani karipoti. Hapo dogo hayupo. Lakini kwako kozi ni jambo dogo, malipo yakienda pabaya jina kwenye mfumo ni lako sio lake.

Kimbunga_Baridi: Mnakuza mambo. Ofisi gani watu hawapeani paswedi? Sekretari wetu anayo ya bosi mwaka wa ngapi huu na hakuna kilichoharibika.

Fundi_Waya: Hii chai. Mtu wa malipo, mwisho wa mwezi, paswedi moja inafungua vyote, OTP kaisoma, na sekretari naye kaingizwa! Makosa ya kozi nzima kwa mtu mmoja? Huyu ni wa IT anatunga moduli, anaokota majibu kwetu.

Mama_Kibodi: Mimi nasema huyu ndiye dogo mwenyewe, anataka kujua kama ataonekana.

Karani_Mkongwe: Hata kama ni chai haya yapo. Kazini kwangu kuna bosi alibandika paswedi chini ya kibodi, akaambiwa ni hatari, akaihamishia nyuma ya skrini.

Kimbunga_Baridi: Mimi sio IT wala sio dogo, na picha ya skrini siweki ng'o. Niambieni tu, nikibadilisha paswedi saa hii dogo anatolewa au anaendelea? Maana zimebaki moduli mbili.

Mkaguzi_wa_Ndani: Sio kila mfumo unamtoa aliyekwisha kuingia. Badilisha, kisha tafuta pa kutoka kwenye vifaa vyote, halafu waambie IT wewe mwenyewe kabla hawajakuita. Na moduli zote uanze upya.

Kimbunga_Baridi: Zote? Ijumaa si ndiyo kesho.

Mama_Kibodi: Muombe HR muda leo leo. Ukiomba baada ya kufungiwa wanakujibu kwa barua.