Napiga G, C, D na Em bila kujua kwa nini zinaelewana. Nadharia nianzie wapi?

Kidole_cha_Nne:
Wakuu, habari za humu. Kodi nane za mwanzo za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ninazo mkononi: G, C, D, Em, Am, A, E na Dm. Nabadilisha bila kukwama sana, ila nafuata michoro tu. Mtu akisema "tupige kwenye A" namkodolea macho. Sijui kwa nini G, C, D na Em zinasikika kama ndugu wa tumbo moja, halafu nikiingiza Dm katikati yao kitu kinagoma. Nimejaribu kusoma nadharia, lakini kurasa za kwanza ni mistari mitano na vichwa vya noti vyenye mikia, nikapotea. Nianzie wapi? Bila kusoma noti za karatasi nitafika? Na nikifunga kepo (kibano kinachobana nyuzi zote shingoni), kodi zinabadilika majina au zinabaki vilevile?

NyuziSita:
Ndugu, anzia kwenye uzi mmoja. Ile michoro ya skeli (ngazi ya noti) yenye nukta shingo nzima iweke kando kwanza.

Freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni. Freti moja ni nusu toni, freti mbili ni toni nzima. Noti zote za muziki huu ni 12. Ukipanda freti 12 unarudi kwenye noti uliyoanza nayo, ila juu zaidi. Herufi ni saba, A hadi G, na kati ya herufi na jirani yake kuna freti mbili, isipokuwa mahali pawili: B kwenda C, na E kwenda F. Hapo ni freti moja tu. Hilo likariri leo, mengine yote unaweza kuyahesabu.

Sasa shika uzi wa tatu (ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa), ambao usipobonyezwa ni G. Piga freti 0, 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12 huku ukiimba do re mi fa so la ti do. Miruko ni 2-2-1-2-2-2-1. Hiyo ndiyo skeli ya meja. Taja majina unapopanda: G, A, B, C, D, E, F#, G. Kwa nini F# (F shapu, yaani freti moja juu ya F) na si F? Kwa sababu mruko wa sita unadai freti mbili, na kutoka E hadi F ipo moja tu. Shapu haikuwekwa kwa mapambo, imetokana na hesabu.

Kodi inajengwa kwa kuchukua noti moja ya skeli, kuruka moja, kuchukua, kuruka, kuchukua. Ukianzia G unapata G-B-D. Ukianzia C: C-E-G. Ukianzia D: D-F#-A. Ukianzia E: E-G-B. Kodi zako nne zimetoka kwenye chungu kimoja cha noti saba. Dm ni D-F-A, na hiyo F haimo. Sikio lako limeshazoea F#, ndiyo maana linashtuka. Zipo nyimbo zinazoiingiza makusudi na ikapendeza, lakini ni mgeni.

Kodi ya meja na ya maina (yenye m ndogo, kama Em) zinatofautiana kwa freti moja. Kutoka noti mama (iliyoipa kodi jina), meja ni freti 4 kisha 3. Maina ni 3 kisha 4. Lishuhudie kwa kidole: shika E, piga, halafu inua kidole kilicho uzi wa tatu freti ya 1. G# imeshuka kuwa G, na tayari uko kwenye Em. Kutoka A kwenda Am ni uzi wa pili, freti ya 2 kurudi ya 1. Kutoka D kwenda Dm ni uzi wa kwanza, freti ya 2 kurudi ya 1. Mikono yako imekuwa ikifanya nadharia siku zote.

Jambo moja huwachanganya karibu wanafunzi wote. Ukihesabu hatua za skeli, noti ya kuanzia ni ya kwanza (G ni 1, A ni 2, B ni 3). Ukihesabu freti, unayoanzia ni sifuri. Ndiyo maana "ya tatu" ya meja iko freti 4 mbele, wala si 3. Ukichanganya hesabu hizi mbili, kila kodi utakayojenga itatoka kombo.

Mpiga_Namba:
Naongezea palepale alipoishia. Zipe namba kodi zote za ufunguo wa G (zinazojengwa kwa skeli ya G): 1 ni G, 2 ni Am, 3 ni Bm, 4 ni C, 5 ni D, 6 ni Em. Ya 7 ni F# dimu, ambayo ni freti 3 kisha 3, na kwa sasa huihitaji. Mpangilio haubadiliki katika ufunguo wowote wa meja: 1, 4 na 5 ni meja, 2, 3 na 6 ni maina. Nyimbo nyingi mno zinasimama juu ya 1, 4 na 5 peke yake.

Kwa hiyo mtu akisema "tupige kwenye A", hesabu: A, B, C#, D, E, F#, G#. Yako ya 1 ni A, ya 4 ni D, ya 5 ni E, ya 6 ni F#m. Wimbo uliokuwa G-Em-C-D (1-6-4-5) unakuwa A-F#m-D-E.

Kepo sasa. Umbo la vidole halibadiliki, jina la sauti linabadilika. Kila freti ya kepo inapandisha nusu toni. Kepo freti ya 2 ukashika umbo la G, kinachosikika ni A. Umbo la C ni D. Umbo la Em ni F#m. Ukiwa na mpiga kinanda, mtajie A. Ukimtajia G mtagombana toka pigo la kwanza. Kepo ibane nyuma tu ya chuma cha freti, si katikati ya nafasi, la sivyo nyuzi zitavutika na kupanda sauti.

Mstari_wa_Tano:
Noti za karatasi zisikutishe, lakini usizitupe moja kwa moja. Kwenye gitaa ni ngumu kuliko kwenye kinanda kwa sababu ya kweli kabisa: noti moja ina makazi mengi. E ya uzi wa kwanza usiobonyezwa iko pia uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14. Karatasi haikuambii ni ipi kati ya hizo. Tena muziki wa gitaa huandikwa okteva moja (freti 12) juu ya unavyosikika. Ukishaielewa skeli mkononi, karatasi itakuwa nyepesi. Kinyume chake huchosha.

Wenzangu wamesahau mapigo, na hayo nayo ni nadharia. Weka metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye 60 kwa dakika, hesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Mkono wa kulia ushuke kwenye namba na upande kwenye "na", hata pale usipogusa nyuzi. Kosa la kawaida ni mkono wa kulia kusimama ukisubiri wa kushoto ufike kwenye kodi mpya. Usisimame. "Na" ya mwisho ipigwe kwenye nyuzi zisizobonyezwa, vidole vikiwa njiani. Kipande cha nusu pigo, hakuna atakayekilalamikia. Pengo kila mtu atalisikia.

Kidole_cha_Nne:
Asanteni sana, taa imewaka. Nimejaribu uzi wa nne: D, E, F#, G, A, B, C#, D. Basi kodi za ufunguo wa D ni D, Em, F#m, G, A, Bm. Sawa? Lingine: natyuna (naweka sawa sauti za nyuzi) kwa sikio, nasahihisha uzi wa pili mpaka G inang'aa, halafu nikishika E inasikika mbovu. Gitaa ni bovu?

NyuziSita:
Zote sita ni sahihi.

Gitaa huenda halina shida. Tazama unavyotyuna: kila uzi unaulinganisha na freti ya 5 ya uzi mnene unaoufuata, ila uzi wa pili unalinganishwa na freti ya 4 ya uzi wa tatu. Kutoka G hadi B ni freti 4, yaani ya tatu ya meja uliyojifunza hapo juu. Sikio huipenda "ya tatu" iwe chini kidogo kuliko freti zinavyotoa. Tofauti ni kama senti 14, na freti moja ina senti 100. Ukiulegeza uzi wa pili hadi kodi ya G itulie, umeishusha B. Kwenye kodi ya E, B hiyohiyo ni ya tano, na ya tano ikishuka kiasi hicho inachukiza.

Tyuna kila uzi kwa mashine ya kutyunia, peke yake, ukiwa haujabonyezwa. Kisha usiguse tena hata kodi moja ikikushawishi. Ikiwa E bado ni mbaya, angalia kidole cha uzi wa tatu freti ya 1: karibu na kichwa cha gitaa uzi ni mgumu, watu hubonyeza kwa nguvu mno na G# inapanda. Sogeza kidole karibu na chuma cha freti, punguza nguvu mpaka uzi uanze kukwaruza, halafu ongeza kidogo tu.