Tyubu ya leza ya skana: chanya ni upande upi, na rezista ni ya kazi gani?

Chuma_Chakavu: Wakuu, habari zenu. Nimefumua skana ya zamani ya kaunta ya supamaketi, ndani nimekuta tyubu ya leza ya heliamu na neoni, glasi tupu, urefu kama shibiri. Lebo imebanduka. Ncha zote mbili ni chuma, ila ndani upande mmoja kuna kopo la alumini limekula nusu ya urefu. Waya mmoja ulikuwa na rezista, umekatika. Chanya ni wapi? Na nikiiruka hiyo rezista?

fundi_wa_kitambo: Kopo hilo ndilo kathodi, hasi iende huko. Ncha isiyo na kopo ni anodi. Usibahatishe mkuu: ukigeuza, ioni (chembe za gesi zenye chaji) zinaigonga ile ncha ndogo, chembe za chuma zinang'oka na kwenda kuganda kwenye kioo cha leza. Kopo limefanywa pana makusudi, tena lina utando wa oksaidi, ndiyo maana linastahimili.

Rezista usiiruke kabisa. Kuwaka, tyubu hutaka kama volti 7,000 hadi 10,000. Ikishawaka inashuka hadi elfu moja na kitu, na mkondo ukizidi, volti zake ndiyo zinapungua. Kwa hiyo mkondo unajiongezea wenyewe, kama lori linaloteremka mlima Kitonga, na rezista ndiyo gia nzito. Kawaida ni kilo-omu 75. Kwa miliampia 5 inakula volti 375 na kutoa joto la karibu wati 2, kwa hiyo weka ya wati 5. Ilehemu jirani kabisa na anodi. Waya mrefu hapo unatunza chaji, leza itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

Chuma_Chakavu: Asante mkuu. Ninazo tatu za kilo-omu 27, wati 2 kila moja.

fundi_wa_kitambo: Zifuatanishe, unapata 81. Zinatosha.

Mwl_wa_Fizikia: Kwanza itazame geta, kama ipo: doa linalong'aa rangi ya fedha ndani ya glasi. Likiwa limegeuka jeupe, hewa imeshaingia, usijisumbue. Na ukizima, usiguse anodi, chaji inakuwa bado imebaki. Kutanisha ncha mbili kupitia rezista, siyo kwa bisibisi.

fundi_wa_kitambo: Pawasapulai ni ile ile ya skana? Za tyubu kubwa hutoa miliampia 6.5, na hizi fupi mara nyingi hazitaki kuvuka 5.