Huyu mwenyeji wa London anayewavua wageni suti dukani, nani kamtuma?

Wakuu, naandika nikiwa nimechemka. Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "ukitua London niite mimi". Leo karudia tena. Mgeni katoka Dar, kesho ana kikao, suti iko mwilini, baridi ya Januari imeshamfika kwenye uboho. Anapelekwa Oxford Street kutafuta kabuti. Kabla hata hajaligusa, bwana mkubwa anatoa amri: "Vua koti la suti kwanza."

Vua koti la suti! Kabuti la kazini linavaliwa JUU ya suti, sasa unalipimaje juu ya shati? Juu ya shati hata saizi 38 (inchi za kifua) itamkaa mtu wa 40. Kesho akivaa na suti, makwapa yanamkata, kifungo cha kati kinalia, mikono imepanda anaonekana kama kavaa kabuti la mdogo wake wa kidato cha kwanza. Na dukani watu wanachungulia, mtu mzima kasimama na shati, kashikiwa koti lake kama anaenda kupigwa sindano.

Bega ndilo linaloniua. Mkono fundi ataupunguza, kifungo atakisogeza. Bega likishabana, kulipanua ni kubomoa kabuti zima, na kitambaa cha kuongezea hakipo.

Kwani ni kazi ngumu? Shati, koti la suti, kisha kabuti juu, funga vifungo vyote. Jikumbatie. Mgongo ukivuta, panda saizi. Suti yako ikiwa 40 anza na kabuti la 40, maana kwa kawaida washonaji wameshaacha nafasi ya suti ndani. Kwenye lebo za bara la Ulaya hiyo ni 50. Mshono wa bega upite ule wa suti kidogo tu, kama sentimita 1. Mkono ufunike mkono wa suti pamoja na kafu ya shati. Pindo liishie magotini au juu yake kidogo, koti la suti lisichungulie kwa chini.

Lakini yeye: "Vua koti la suti kwanza." Mniambie, hii ni haki?

Fundi wa Bitana: Mkuu upo sahihi, ila umesahau kitambaa. Fungua kabuti usome lebo ya ndani. Sufu ikianzia asilimia 80 hapo unaongea. Ukikuta poliesta ndiyo imetawala, hilo ni pazia lenye vifungo. Bitana nayo: ya viskosi inateleza juu ya suti, mkono unaingia bila kusukumana.

Mtu wa Toronto: Yaani uzi mzima mnalilia nyuzi joto 5 za London? Huku ni hasi 15, hilo kabuti lenu unavaa kwenda kutupa taka. Mleta uzi kunywa maji.

Mleta uzi: Hata huko Toronto utalipima juu ya suti! Hoja ni kumvua mtu suti!

Dada wa Leeds: Kwangu kosa lake kubwa ni hili: anawaambia wageni "tunza risiti, kodi utarudishiwa Heathrow". Mpango huo England ulifutwa tangu 1/1/2021! Anayetaka kurudishiwa kodi anunue Paris: manunuzi yapite euro 100 katika duka moja, aonyeshe pasipoti hapohapo dukani apewe fomu, na uwanjani aiskani kwenye mashine KABLA ya kukabidhi begi. Ukishakabidhi begi kwanza, forodha wakitaka kuliona kabuti utawaonyesha nini?

Kaka Mitumba: Mnajitesa bure. Shuka Gikomba au Karume kabla hujasafiri, makabuti ya sufu tupu yapo. Liangalie kwenye mwanga kama lina matundu ya nondo, wale wadudu wanaokula sufu, nusa makwapa, kunja ukosi uone kama umeliwa.

Fundi wa Bitana: Na jamani, lile jipya likifika nyumbani kata uzi! Pale kwenye mpasuo wa nyuma kuna uzi umeshonwa alama ya X, huo ni wa kushikiza lisikunjike safarini. Tumia mkasi mdogo, kata katikati ya X, vuta kwa ndani. Lebo iliyoshikizwa mkononi nayo itoke. Watu wanaingia vikaoni mpasuo umefungwa, wanatembea kama wamefungwa kanga.

Mleta uzi: Sawa, lakini "vua koti la suti kwanza" mmeisikia lakini?

Dada wa Leeds: Tumeisikia mkuu. Mimi sasa nina hasira na viatu. Mtu kabuti zuri, chini soli ya ngozi kwenye barafu! Vaa soli ya mpira yenye meno.

Kaka Mitumba: Na mnaorudi nalo Dar mnalitia kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Joto lile na unyevu ule, ukungu lazima. Lisafishwe kwanza, mabuu ya nondo yanapenda sehemu zenye jasho, kisha mfuko wa kitambaa.

Mtu wa Toronto: Hapo kwenye nondo nisaidie kaka. Kuligandisha kwenye friza kunaua mayai?

Kaka Mitumba: Kunaua. Lifunge vizuri kwenye nailoni, liache kwenye baridi kali kama wiki mbili. Na sweta zako zote pia.